Jiwe Lililosubiri Swali

Sogeeni, wapwa zangu. Vuteni mkeka. Leo si mimi nitakayesimulia. Leo linasimulia jiwe.

“Jiwe linasema, Mjomba?”

Linasema, likiulizwa. Sikilizeni.

“Mimi nilikaa gizani,” linasema jiwe, “chini kabisa ya mto Yordani. Maji yalinipita juu mchana, yakanipita juu usiku. Jua sikulijua. Ulikuwa wakati wa mavuno, na wakati wa mavuno Yordani hufurika. Theluji ya mlima Hermoni huyeyuka, maji yakapanda kingo.

“Ng'ambo walisimama Waisraeli. Walikuwa wametoka jangwani, miaka 40. Wana watoto. Wana mifugo. Wana mizigo. Daraja hakuna. Mtumbwi hakuna.

“Makuhani wakatangulia, wamebeba Sanduku la Agano. Nyayo zao zilipogusa maji, maji yakakatika! Yakasimama huko juu, mbali, kwenye mji uitwao Adamu. Nikaliona jua. Makuhani wakasimama katikati ya mto, karibu nami, wala hawakuondoka. Miguu ikapita. Miguu ya wazee, miguu ya akina mama, miguu midogo ya watoto. Wote wakavuka. Kisha mtu mmoja akainama, akaniinua, akanitia begani.”

“Mjomba, kwa nini hakuokota jiwe la ukingoni? La ukingoni lilikuwa karibu.”

Ee, mpwa wangu, swali zuri hilo! Mimi nilikuwa mtu mzima nilipoliuliza. Walichaguliwa watu 12, mmoja kwa kila kabila. Wakaagizwa kuchukua mawe palepale miguu ya makuhani iliposimama. Katikati. Penye kina. Jana yake ungeingia pale, ungezama. Jiwe la ukingoni lingetuambia kwamba mto upo, basi. Jiwe la katikati linatuambia: hapa tulipita.

“Kwani Mungu angesahau?”

Mungu hasahau. Sisi ndio tunaosahau. Leteni kile chungu cha bibi. Chungulieni ndani. Jana kilipikwa nini, kunde au maharage? Hamjui. Kimeshaoshwa. Sasa kigeuzeni. Mnaona masizi? Kila mlo umeacha weusi wake pale chini. Tumbo likishiba husahau, lakini chungu kimeweka alama.

Basi mawe yale 12 yakasimamishwa Gilgali, mashariki ya Yeriko, walikolala usiku ule. Na mnajua yaliwekwa kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya watoto! Yoshua, kiongozi wao, aliwaambia watu wazi: siku moja watoto wenu watauliza mawe haya ni ya nini, nanyi mtawajibu. Kazi ya kujibu wakapewa wazee. Kazi ya kuuliza mkapewa nyinyi. Mtoto asipouliza, jiwe hunyamaza.

“Na wewe, Mjomba, una jiwe?”

Ninalo. Nilikuwa na miaka saba, nina homa kali, na masika yamekolea. Baba alinibeba mgongoni usiku kwenda zahanati. Tukafika kijitoni, maji yamezoa daraja. Baba akasimama. Nilisikia moyo wake ukidunda mgongoni kwake. Akaja mtu na taa, hatumjui, akamshika baba mkono, akatuonyesha pa kukanyaga. Hatukumwona tena. Baba alisema neno moja tu: Mungu huyo. Mvua kubwa ikinyesha mpaka leo, mimi naamka, nakaa kitandani, nashukuru.

Na kuna mawe yanayotembea. Yanaitwa Neema. Yanaitwa Baraka. Yanaitwa Shukuru. Yupo anayeitwa Ebenezeri, na maana yake ni jiwe la msaada, kwa sababu nabii Samweli naye alisimamisha jiwe baada ya Mungu kuwaokoa Waisraeli na Wafilisti, akaliita hivyo. Mzazi hampi mwanawe jina kama hilo bure. Kuna usiku aliuvuka.

Kwa hiyo leo jioni, wapwa zangu, nendeni kwa bibi. Msimwulize habari za ukingoni. Mwulizeni: Bibi, maji yalikufika wapi, na nani alikushika mkono? Kisha kaeni chini, mumwache aseme mpaka amalize.