Tunyooshe viungo kusudi jembe lisituvunje



Mwezi wa 9 ukifika hapa Kivu, msimu A unaanza na jembe halipumziki. Baada ya wiki mbili tunasikia malalamiko yale yale: kiuno kinauma, magoti yamekauka, bega halipandi. Wengine wanasema ni uzee, lakini hata kijana wa miaka 25 anaamka asubui amekauka kama ubao. Na mwenye hawezi kuinama wakati wa palizi, maharagwe yake yanamezwa na majani, na kilo zake zinakosekana ku depo.

Kwa nini viungo vinakauka?

Mahali mifupa miwili inakutana kuna gegedu, ile kitu nyeupe na laini tunayoiona ku ncha ya mfupa wa kuku. Gegedu haina mishipa ya damu. Inapata chakula chake katika maji mazito ya ndani ya kiungo, na ni kutembeza kiungo ndiko kunaifikishia chakula hicho. Tena, ukiinama saa nyingi, misuli inachoka na kukaza. Kama nyonga na nyuma ya mapaja zimekaza, kiuno peke yake kinabeba kazi yote.

Mbele ya kazi: dakika 5

Misuli ya baridi tusiivute kwa nguvu. Tuipashe moto kwanza: tembea haraka, zungusha mabega mara 10, pandisha magoti mara 10, chuchumaa nusu na kusimama mara 10.

Kisha kazi: dakika 10

Kila zoezi shikilia sekunde 20 mpaka 30, mara 2 kila upande.

1. Kiuno: simama, weka mikono nyuma ya kiuno, jirudishe nyuma polepole. Hili fanya hata katikati ya shamba, kila nusu saa.
2. Nyuma ya paja: weka kisigino juu ya kigoda kifupi, mgongo umenyooka, inamia mbele kutokea ku nyonga.
3. Nyonga: piga goti moja chini, mguu mwingine mbele, sukuma nyonga mbele kidogo.
4. Mabega: shika fimbo kwa mikono miwili iliyoachana, ipandishe juu ya kichwa.
5. Shingo, zaidi kwa wamama wenye kubeba mizigo kwa kamba ya paji la uso: shusha sikio kuelekea bega, polepole, bila kuvuta kwa mkono.

Unapaswa kusikia misuli inavutika, si maumivu. Usirukeruke, usizuie pumzi, na mwenzako asikusukume. Mama mwenye mimba afanye kidogo kidogo, bila kujilazimisha. Ukifanya mara 3 kwa wiki au zaidi, utaanza kuona tofauti kisha wiki kadhaa.

Mazoezi peke yake hayatoshi

Jembe la mpini mfupi linaharibu mgongo. Ni kwa sababu hiyo jimbo la California, kule Marekani, lililikataza katika mashamba mwaka 1975. Basi tutie mpini mrefu, tubadilishe mikono, na gunia la kilo 50 tuligawe mara mbili. Kupoteza safari moja ni bora kuliko kupoteza msimu.

Nenda ku kituo cha afya kama:

- maumivu yanashuka mpaka mguuni, au mguu unakufa ganzi;
- kiungo kimevimba na ni cha moto, zaidi kama kuna homa;
- umeanguka na kiungo hakitembei.

Ukishindwa kukojoa au kuzuia haja, tena na maumivu ya mgongo, usingoje hata siku moja.

Siku ya salongo, mbele ya kugusa jembe, tusimame wote kwa duara na tufanye zile dakika 5 pamoja. Hazituombi hata franka moja.