Laptopu ya kikundi ikikataa kuwaka, msikate tamaa

Siku hizi kuna vikundi vinavyoweka hesabu zao kwa laptopu: hisa za kila mwanachama, mikopo, faini na michango ya matanga. Kazi inakuwa safi. Lakini siku moja mweka hazina anafinya kitufe cha kuwashia na mashine inanyamaza tu. Hapo maneno yanaanza: "Amekula pesa, sasa anasingizia kompyuta!" Kikundi kinaweza kuvunjika kwa neno kama hilo.

Ndugu wanavikundi, laptopu kufa si sawa na hesabu kupotea. Faili hukaa kwenye diski, na diski ni kama daftari lililofungiwa kabatini. Mlango wa kabati ukikwama, daftari bado limo ndani. Chaja, betri au skrini inaweza kuharibika na diski ikabaki nzima.

JARIBUNI HAYA KWANZA

1. Tumieni soketi nyingine, na chaja nyingine ya aina ile ile.

2. Chomoeni chaja. Kama betri inatoka, itoeni. Finyeni kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, mrudishe chaja, halafu mwashe. Hii humaliza stima iliyobaki ndani, na mara nyingine mashine huamka.

3. Kama taa zinawaka lakini skrini ni nyeusi, mulikeni skrini kwa tochi. Mkiona maandishi hafifu, kilichokufa ni mwanga wa skrini tu. Unganisheni laptopu na televisheni kwa waya wa HDMI, mnakili faili zenu.

Lakini ikiwa imemwagikiwa maji au chai, msiiwashe hata kidogo. Chomoeni chaja, mtoe betri kama inatoka, mkaione na fundi upesi. Na diski ikilia tik-tik-tik, zimeni mara moja. Kila mkiiwasha tena mnazidi kuiharibu.

KWA FUNDI: FAILI KWANZA, MASHINE BAADAYE

Hapa ndipo hasara kubwa huingia. Ukimwambia fundi "nitengenezee hii," huenda akaweka Windows upya. Mashine itawaka vizuri, lakini hesabu zenu zitakuwa zimefutwa. Kwa hivyo mwambieni wazi, tena iandikwe kwa risiti: "Usifute kitu. Tunataka faili kwanza."

Fundi ana njia mbili. Kama mashine inawaka lakini Windows haifunguki, anaweza kuiwasha kwa flashi yenye Ubuntu, programu ya bure. Achague kuijaribu tu, si kuiingiza ndani ya laptopu. Kisha atanakili faili kwenye flashi nyingine.

Kama mashine imekufa kabisa, atatoa diski na kuiunganisha na kompyuta nyingine kwa waya wa USB uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Faili zatafutwa ndani ya Users, chini ya jina la mwenye laptopu, kwenye Documents, Desktop na Downloads. Laptopu nyingine diski yake imechomelewa ndani na haitoki. Hiyo ni lazima itengenezwe kwanza mpaka iwake.

Msimwachie fundi mashine na kwenda sokoni. Ndani mna namba za vitambulisho na za simu za wanachama, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeweka habari za watu azilinde. Watu wawili wa kamati wakae hapo mpaka kazi iishe.

UFUNGUO WA TARAKIMU 48

Laptopu nyingi mpya za Windows hufunga diski kwa kufuli iitwayo BitLocker. Diski hiyo ikiwekwa kwa kompyuta nyingine, itadai ufunguo wa tarakimu 48. Bila ufunguo huo, hata fundi hodari atarudi mikono mitupu. Mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya yule aliyeanzisha laptopu. Je, ni nani? Labda ni kijana wa katibu, ambaye sasa yuko mbali. Mtafuteni leo, mashine ikiwa bado inawaka, muuandike ufunguo na kumpa mwenyekiti autunze.

KINGA NI BORA KULIKO TIBA

Baada ya kila mkutano, nakilini hesabu kwa flashi mbili. Moja ikae kwa mwenyekiti na nyingine kwa katibu, wala zisikae mkoba mmoja na laptopu. Zifungueni kwa kompyuta nyingine mara kwa mara kuona kama faili zinasomeka. Na kila mwezi chapisheni karatasi ya hesabu, isomwe mbele ya wanachama wote na kutiwa sahihi. Karatasi haihitaji stima, na humkinga mweka hazina mwaminifu na maneno ya watu.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Laptopu yetu ikifa leo usiku, kesho tutajuaje kila mwanachama ana hisa ngapi?

2. Nakala ya mwisho ilifanywa lini, na iko kwa nani?

3. Ni nani, mbali na mweka hazina, anayejua kufungua hesabu zetu?