Kaseti za zamani za michezo ya video: kwa nini hugoma, na namna ya kuzitengeneza

Leo tunakupeleka Marekani, katika miji mitatu ambako lugha ya Kiswahili imekuwa ikisikika kwa wingi tangu miaka ya 2000: Louisville katika jimbo la Kentucky, Columbus ambao ni mji mkuu wa Ohio, na Buffalo, ulioko jimbo la New York kwenye ncha ya mashariki ya Ziwa Erie. Katika miji hiyo wamepata makaazi mapya watu wengi kutoka Kongo, Burundi na Somalia, baadhi yao wakiwa wamepitia kambi za wakimbizi za Kakuma, Dadaab na Nyarugusu.

Kwa familia inayoanza maisha upya, duka la vitu vilivyokwishatumika ni msaada mkubwa. Humo, kando ya sahani na makoti ya baridi, huonekana pia mashine za michezo ya video za miaka ya 1980 na 1990, pamoja na kaseti zake, ambazo wengine huziita katriji. Mzazi hununua, mtoto huchomeka, na skrini hubaki nyeusi, au picha hujitokeza zikiwa zimevurugika. Hapo hukumu hutolewa upesi: kaseti imekufa, itupwe. Makala haya yanaeleza kwa nini hukumu hiyo mara nyingi si sahihi, na kwa nini matengenezo yasiyo na uangalifu yanaweza kufuta kitu ambacho hakirudi tena.

Kwanza tuelewe kaseti ni nini. Licha ya jina lake, ndani hamna utepe unaozunguka kama wa kaseti ya muziki. Ndani ya ganda la plastiki mna kibao chembamba chenye chipu zinazohifadhi mchezo. Ukingoni mwa kibao hicho mmepangwa vipande vidogo vya shaba vilivyopakwa dhahabu nyembamba sana. Sisi tutaviita meno ya kaseti. Kila jino hugusana na pini yake ndani ya mashine, na kupitia hapo taarifa hupita. Jino moja tu likikosa kugusana vyema, mchezo mzima unaweza kugoma, ijapokuwa chipu zenyewe ni nzima.

Na sababu za kukosa kugusana ni nyingi. Louisville upo kando ya Mto Ohio, na majira yake ya joto ni yenye unyevu mwingi. Buffalo nao unajulikana kwa theluji nzito itokayo ziwani. Katika miji yote mitatu ni kawaida nyumba kuwa na chumba cha chini ya ardhi, na ndimo watu huhifadhi vitu vya zamani kwa miaka mingi. Unyevu, vumbi na moshi wa sigara hujenga utando juu ya meno ya kaseti, na utando huo huzuia umeme.

Hapa inafaa tutaje desturi iliyoenea duniani kote, kuanzia Buffalo hadi Mombasa: kuipuliza kaseti kwa mdomo. Wengi huapa kwamba dawa hiyo inafanya kazi. Ukweli ni kwamba kinachosaidia ni kule kuitoa kaseti na kuirudisha, kwani meno husuguana upya na pini na kupata mguso mwingine. Pumzi yenyewe huacha unyevu, na unyevu huleta kutu. Kampuni ya Nintendo iliwaonya wateja wake waache kupuliza.

Basi, mpenzi msikilizaji, fundi mwema huanza kama daktari, yaani kwa kumchunguza mgonjwa kabla ya kumpa dawa. Chomeka kaseti nyingine katika mashine ile ile. Ikiwa zote zinagoma, tatizo liko kwenye mashine. Ikiwa ni moja tu inayogoma, tatizo liko kwenye kaseti hiyo. Sikiliza pia sauti. Katika kaseti za Nintendo za awali, maelekezo ya mchezo na michoro yake huwa na njia tofauti. Kwa hiyo muziki ukisikika sawasawa huku picha zikiwa zimevurugika, jua kwamba mchezo wenyewe unaendeshwa, na kwamba hitilafu iko kwenye njia ya michoro.

Mashine ya Nintendo iliyoanza kuuzwa New York mwaka 1985 ina ugonjwa wake maalumu: taa yake nyekundu huwaka na kuzimika kila sekunde. Ndani ya mashine hiyo mna chipu ya ulinzi inayowasiliana na chipu pacha iliyomo ndani ya kaseti, ili kuzuia kaseti zisizoidhinishwa. Mawasiliano hayo yakikatika, mashine hujizima na kujiwasha tena bila kikomo. Aghalabu chanzo ni uchafu tu, au soketi ya pini 72 iliyolegea kwa kuchomekwa kaseti maelfu ya mara. Soketi mpya zinauzwa, lakini baadhi yake hubana kupita kiasi hata kaseti ikawa taabu kuitoa. Kwa hiyo ni vyema kuisafisha ile ya zamani kwanza.

Kusafisha si kazi ngumu. Kaseti hizi hufungwa kwa skrubu zisizokubali bisibisi ya kawaida. Kwa kaseti za Nintendo huhitajika bisibisi maalumu ya milimita 3.8, na kwa zile za Sega Genesis ya milimita 4.5. Baada ya kuifungua, chovya kijiti cha pamba katika spiriti safi aina ya isopropili, yenye nguvu ya asilimia 90 au zaidi, kisha sugua meno taratibu mpaka pamba iache kutoka nyeusi. Acha ikauke kabisa kabla ya kuichomeka. Maandishi ya onyo nyuma ya kaseti za Nintendo hukataza spiriti na vimumunyisho vingine, na ndiyo maana mafundi huipaka kwenye meno pekee, wala hawaigusishi na plastiki au karatasi ya jina. Usitumie msasa, wala nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, kwani dhahabu ile ni nyembamba, na ikiondoka haiwi tena.

Sasa tufike kwenye jambo linalohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Kaseti nyingi ambazo mchezaji huweza kuendelea alipoishia zina betri ndogo ya volti 3. Mchezo wa The Legend of Zelda uliotoka Marekani mwaka 1987 ulikuwa na betri ya namna hiyo, kadhalika michezo ya Pokémon ya Game Boy. Betri hiyo haihifadhi mchezo, bali huhifadhi kumbukumbu za mchezaji: jina alilojiandikia, na hatua aliyofikia. Betri ikiisha, mchezo utawaka kama kawaida, lakini kumbukumbu zimepotea. Na betri ikitolewa ili kuwekwa mpya, kumbukumbu hufutika vile vile.

Kwa hiyo, mtu akimletea fundi kaseti ya ndugu yake au ya mwanawe aliyekwisha kufariki, swali la kwanza liwe hili: je, kuna kitu ndani yake ambacho angependa kibaki? Vipo vifaa vidogo vya kusomea kaseti vinavyounganishwa na kompyuta, navyo hunakili kumbukumbu hizo na kuzirudisha baada ya betri kubadilishwa. Betri mpya iwe na vijiti vyake vya chuma vya kulehemea. Kulehemu moja kwa moja juu ya betri ni hatari, kwani joto laweza kuilipua. Chunguza pia upande wa chanya na wa hasi. Na ile ya zamani iwekwe mbali na watoto wadogo, kwa sababu betri ya aina hiyo ikimezwa inaweza kuunguza koo katika muda wa saa mbili tu.

Wapo pia waliokuja Marekani na kaseti kutoka nyumbani. Mashine nyingi za bei nafuu zilizouzwa Afrika Mashariki ziliiga Famicom, mashine ya Nintendo iliyotolewa Japani mwaka 1983. Kaseti za Famicom zina pini 60, ilhali zile za Marekani zina 72. Hivyo isipoingia usiilazimishe. Haijaharibika, imekosa mwenzake tu.

Ikiwa bado unaona hivi ni vitu vya kuchezea tu, basi yafaa kujua kwamba katika mji wa Rochester, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa gari kutoka Buffalo, liko jumba la makumbusho liitwalo The Strong, linalohifadhi historia ya michezo. Mwaka 2015 jumba hilo lilianza kuitunuku heshima michezo ya video iliyoacha alama duniani, na Super Mario Bros. ulikuwa miongoni mwa ile ya kwanza.

Kufikia hapo, mpenzi msikilizaji, ndipo makala yetu ya leo inapokomea. Kabla ya kutupa, chunguza. Kabla ya kufungua, uliza.