Meza ya Mvule na Vanishi Isiyokauka

Mgeni hukaribishwa kwa kiti kabla hajakaribishwa kwa chakula. Kwa hiyo haishangazi kwamba familia nyingi za askari, mara mshahara unaporuhusu, hufikiria kwanza meza na viti. Huko Mukuju, kwenye barabara itokayo Tororo kwenda Mbale, mnunuzi aweza kumwagiza fundi seremala meza iliyo sawa na kipimo cha chumba chake. Asiye na fedha za kutosha huichukua meza hiyo ikiwa tupu, haijapakwa kitu, akikusudia kuipaka vanishi mwenyewe nyumbani.

Hapo ndipo matatizo huanza. Meza hupakwa vanishi ya mafuta siku ya Jumamosi. Jumapili bado inanata. Wiki ya pili daftari la mtoto hugandama juu yake, na linapobanduliwa huacha karatasi. Mwenye meza humlaumu muuza duka, na muuza duka humlaumu fundi. Mara nyingi wote wawili hawana hatia, kwa maana sababu imo ndani ya mbao zenyewe.

Mvule ni mti unaothaminiwa sana Mashariki mwa Uganda. Mbao zake huwashinda mchwa na kuvumilia unyevu kwa sababu mti huo una dawa yake wa asili, ambayo wataalamu huiita kloroforini. Vanishi ya mafuta nayo hukauka kwa kuvuta oksijeni kutoka hewani, na dawa hiyo ya mvule huizuia oksijeni isifanye kazi yake. Kile kinachoulinda mti ndicho kinachomchelewesha mpakaji.

Mbao kavu kwanza

Kabla ya kufikiria rangi wala mng'ao, yafaa kuhakikisha kwamba mbao zimekauka. Kanuni ya zamani ya maseremala ni mwaka mmoja wa kukausha kivulini kwa kila inchi moja ya unene. Vanishi haiponyi mbao mbichi. Maji yaliyofungiwa chini yake huiinua ikabambuka, na meza yenyewe hupinda. Vilevile si vema kupaka siku ya mvua. Katika sehemu za Tororo na Busia, miezi ya Machi hadi Mei huwa na unyevu mwingi, na polishi ya spiriti ikipakwa katika hewa ya namna hiyo hugeuka nyeupe kama ukungu.

Baada ya randa hufuata msasa. Jina hili ni la mti ambao majani yake makavu yana ukwaruzo, na wazee waliyatumia kulainishia mbao kabla ya karatasi za dukani kufika. Aanze mtu na karatasi ya namba 80, kisha 120, na amalizie na 180, akifuata mkondo wa nyuzi za mbao. Akikata mkondo huo, mikwaruzo isiyoonekana sasa itajitokeza yote chini ya vanishi. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kifua; kwa hiyo kazi hii ifanyiwe nje, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa kwa kitambaa, na watoto wakae mbali.

Kuchagua cha kupaka

Mafuta ya kupikia na mawese hayafai, ingawa wengine huyatumia kwa kuwa yapo jikoni. Hayo hayakauki kamwe. Hukusanya vumbi na kuvunda. Mafuta ya kitani hukauka, huupendezesha mti, na kovu likitokea mwenye nyumba huweza kupaka tena mahali hapo tu. Upungufu wake ni kwamba hayazuii maji kwa muda mrefu, na juu ya mvule hukauka kwa kukawia.

Polishi ya spiriti hutokana na shelaki, utomvu wa wadudu wadogo wanaofugwa hasa India na Thailand. Ni ndugu wa ile lakiri iliyotumika zamani kufungia barua za serikali. Hukauka upesi na hung'aa sana, lakini kikombe cha chai moto huiachia duara jeupe, na pombe kali ikimwagika huiyeyusha. Inafaa kabati na fremu za picha kuliko meza ya chakula.

Vanishi ya mafuta ndiyo ngumu kuliko hizo mbili, na huvumilia maji na joto la kiasi. Kwa familia inayohamishwa mara kwa mara, leo Rubongi, kesho kituo kingine, meza ikipakiwa na kupakuliwa kwenye lori, hiyo ndiyo ya kuchagua kwa meza ya kulia. Lakini sharti mvule uandaliwe.

Namna ya kuandaa na kupaka

Kwanza, meza ipanguswe kwa kitambaa kilicholoweshwa tina, na kitambaa kibadilishwe mpaka kisitoke tena na rangi ya manjano. Pili, ipakwe mpako mmoja mwembamba wa shelaki, ili uwe ukuta kati ya dawa ya mvule na vanishi. Gramu 60 hivi za shelaki huyeyushwa katika nusu lita ya spiriti usiku kucha, ndani ya chupa ya kioo, kwa kuwa chombo cha chuma huitia weusi. Maji hayo yaachwe yatulie, na yatumike yale meupe ya juu tu, kwa kuwa nta iliyozama chini huweza kuizuia vanishi isishike.

Siku ya pili vanishi huanza. Mpako wa kwanza upunguzwe kidogo kwa tapentaini, wala si kwa mafuta ya taa, ambayo huacha utelezi. Mipako mitatu myembamba hushinda mmoja mzito. Kila mmoja upewe saa 24, kisha usuguliwe polepole kwa msasa wa namba 240 kabla ya unaofuata. Upande wa chini wa meza nao upakwe, la sivyo unyevu utaingia upande mmoja tu na mbao zitapinda. Ni busara kujaribu kwanza juu ya kipande cha mbao zile zile ambacho fundi amekibakiza.

Usalama wa nyumba

Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani visikunjwe na kutupwa pembeni. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na vitambaa vilivyorundikwa huweza kuwaka vyenyewe usiku, bila kiberiti. Katika nyumba za kambi zilizopangana ukuta kwa ukuta, moto wa chumba kimoja ni moto wa safu nzima. Vitandazwe nje vikauke, au viloweshwe ndani ya ndoo ya maji.

Spiriti nayo isiwekwe katika chupa ya soda wala ya waragi. Ina methanoli, sumu inayopofusha macho na kuua. Mwezi wa Aprili 2010 watu wengi walipoteza maisha wilayani Kabale kwa kunywa pombe iliyochanganyika na sumu hiyo. Chupa iandikwe jina lake, ifungiwe, na iwekwe mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki.

Mvule huchukua miaka mingi kukua hata ufae kupasuliwa mbao, na siku hizi ni adimu. Mwenye kuipata meza yake asione uchungu kuitengea siku tano za kuitunza kabla mtoto hajaweka daftari lake juu yake.