Sabuni ya mwarobaini: mradi mdogo unaohitaji mizani na subira

Katika maombi ya miradi tunayopokea kutoka vikundi vya akina mama wa Mwanza, Magu, Sengerema na Ukerewe, utengenezaji wa sabuni za mitishamba ni kati ya yanayojirudia sana. Sababu zinaeleweka. Mwarobaini umeota karibu na kila nyumba, shubiri mwitu hukua hata kwenye kopo bovu, na hakuna kaya isiyotumia sabuni. Kwa hiyo tumeona vema kueleza kazi hii inavyofanyika, mahali ilipo faida, na mahali ambapo mtu anaweza kupoteza mtaji au hata kumuumiza mtoto.

Kwanza tutofautishe. Hatuzungumzii sabuni ya maji ya kukorogea kwenye pipa kwa salfoniki na ungaroli, ambayo siku hizi inauzwa kila mtaa. Tunazungumzia sabuni ya mche au ya kipande, ambayo huzaliwa pale mafuta yanapokutana na kostiki soda iliyoyeyushwa katika maji. Vitu hivyo vikikutana kwa kipimo sahihi, vyote hugeuka na kuwa kitu kingine: sabuni pamoja na gliserini, ambayo hulainisha ngozi. Soda ikizidi, hubaki ndani ya kipande na kuchoma ngozi. Mafuta yakizidi mno, sabuni huwa laini, haitoi povu, na baada ya muda hunuka.

Hapa ndipo vikundi vingi huanguka. Wanapima kwa kopo na kijiko. Kostiki soda ya vipande bapa na ile ya punje hazina uzito sawa katika kijiko kimoja, na kila aina ya mafuta hudai kiasi chake cha soda. Mafuta ya nazi hudai zaidi, alizeti kidogo, mawese yako katikati. Kwa hiyo kifaa cha kwanza cha mradi huu ni mizani inayosoma gramu. Sufuria kubwa na mihuri ya kupiga jina la kikundi vinaweza kusubiri.

Kipimo tunachopendekeza kwa wanaoanza ni cha kilo moja ya mafuta: gramu 700 za mawese na gramu 300 za mafuta ya nazi. Mawese yanayofika kwetu kutoka Kigoma hutoa kipande kigumu, na nazi huleta povu. Mchanganyiko huo ungehitaji gramu 154 hivi za soda ili mafuta yote yageuke. Sisi tunapunguza hadi gramu 145, ili kiasi kidogo cha mafuta kibaki bila kugeuka na kuilinda ngozi. Maji ni gramu 330. Badala ya maji matupu tumia chai ya majani ya mwarobaini: chemsha majani, chuja kwa kitambaa safi, acha ipoe kabisa, kisha pima.

Kazi yenyewe ifanyike nje au penye hewa, wakati watoto wako shuleni au wameondolewa eneo hilo. Vaa glavu za mpira, miwani ya kukinga macho na nguo ya mikono mirefu. Mimina soda polepole ndani ya maji huku ukikoroga. Usimimine maji juu ya soda hata siku moja, maana huchemka ghafla na kuruka usoni. Mchanganyiko utapata moto wenyewe bila jiko na kutoa mvuke unaokereketa; geuza uso pembeni. Tumia ndoo ya plastiki ngumu au chombo cha chuma kisichoshika kutu. Sufuria za aluminiamu, ambazo ndizo zimejaa majikoni mwetu, hazifai kabisa, kwa sababu soda huzila na kutoa gesi inayoweza kuwaka.

Soda ikipoa hadi uweze kushika ndoo kwa nje bila kuungua, na mafuta yakiwa na uvuguvugu kama huohuo, mimina soda ndani ya mafuta na ukoroge kuelekea upande mmoja. Kwa mwiko kazi hii inaweza kuchukua nusu saa au zaidi. Utajua iko tayari inapokuwa kama uji mzito, na ukidondosha tone juu yake, alama inabaki. Hapo ndipo unapoongeza unga wa mwarobaini uliokaushwa kivulini, ukatwangwa na kuchekechwa, kijiko kimoja au viwili vya chakula. Majani mabichi yasiwekwe, kwani huoza ndani ya kipande. Anayetaka shubiri mwitu atumie ute mweupe katika sehemu ya yale maji, baada ya kuacha ule utomvu wa njano udondoke, maana huo huwasha. Rangi ya kijani itafifia kuwa kahawia kadiri siku zinavyokwenda. Hilo halina ubaya, ila mteja aambiwe mapema.

Mimina kwenye boksi la mbao lililotandikwa karatasi ya nailoni, funika kwa blanketi kuukuu, kesho yake au keshokutwa kata. Kutoka kilo moja ya mafuta utapata vipande kumi na viwili hivi ambavyo vikikauka vitakaribia gramu 100 kila kimoja. Kisha vipange kwenye rafu yenye hewa kwa wiki nne hadi sita. Muda huo maji hupungua na sabuni hukomaa. Kabla ya kuuza, lowesha kipande na upime kwa karatasi ya kupimia pH. Sabuni ya namna hii husoma kati ya 9 na 10. Ikisoma juu ya 11, mzigo huo usiuzwe.

Tunaulizwa mara kwa mara na vikundi vya visiwani kuhusu mafuta ya sangara, kwa kuwa hupatikana karibu na mialo kwa bei nafuu. Yanageuka sabuni, ndiyo, lakini harufu ya samaki haiondoki kirahisi. Labda kwa sabuni ya kufulia. Mafuta ya pamba nayo, ambayo ni mali ya kanda yetu, yafaa kuchanganywa kidogo tu. Yakizidi kipande huwa laini na huvunda mapema.

Sasa tuseme juu ya watoto. Soda iliyoyeyushwa ndani ya maji inafanana na maji. Mtoto mwenye kiu akiikuta ndani ya chupa ya soda au kikombe, atakunywa, na umio wake utaungua kiasi cha kuziba baadaye. Majeraha ya aina hii yanajulikana sana na madaktari katika nchi ambako sabuni hutengenezwa majumbani. Kwa hiyo soda isihifadhiwe kamwe katika chupa ya kinywaji. Iwe kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana, lililoandikwa SUMU, ndani ya kabati lenye kufuli. Mfuniko wa kubana una faida nyingine: hewa ya ziwani ina unyevu, na soda huunyonya hadi ikalowa, na hapo vipimo vyote vinaharibika. Ikitokea mtoto amekunywa, asitapishwe wala asipewe siki au limao. Asukutue kinywa kwa maji na kukimbizwa hospitali. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15, kisha nenda hospitali. Vyombo visioshwe ziwani.

Jambo lingine ni maneno ya kwenye karatasi ya kufungia. Jina lenyewe la mwarobaini linatokana na imani kwamba mti huu hutibu magonjwa arobaini, na kishawishi cha kuyaandika yote ni kikubwa. Tunasihi kamati zisikubali. Soda ni kali, nayo hubadilisha vitu vingi vilivyomo kwenye mmea, na sabuni yenyewe hukaa mwilini dakika moja tu kabla ya kusuuzwa. Hata kampuni kubwa zimeshindwa hapa. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipiga marufuku viambato 19 katika sabuni za kuua vijidudu, ikiwamo triklosani, kwa kuwa watengenezaji hawakuonyesha kwamba zinashinda sabuni ya kawaida na maji. Mtu mwenye upele au mapunye aende zahanati. Na kwa sisi wa kandokando ya ziwa: sabuni ya mwarobaini haimkingi mtu dhidi ya kichocho. Kichocho hutibiwa kwa prazikwanteli.

Vilevile sabuni isiahidi kung'arisha ngozi. Mwanza ina historia yake katika hilo. Mwaka 1999 watafiti wa Japani wakiongozwa na daktari Masazumi Harada, aliyejulikana kwa kazi yake juu ya ugonjwa wa Minamata, walitoa matokeo ya kupima zebaki katika nywele za wachimbaji wa dhahabu, wavuvi na familia zao, na wakazi wa mji wa Mwanza. Baadhi ya waliokutwa na viwango vya kutisha hawakuvipata mgodini wala kwenye samaki. Walikuwa wakitumia sabuni za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Sabuni isiyo na kitu cha namna hiyo ni bidhaa ya kujivunia, na kuandika hivyo ni kweli tupu.

Je, inalipa? Bei hubadilika, hivyo tuchukue mfano wa hesabu tu. Tuseme malighafi za vipande 12 ni shilingi 9,600, yaani 800 kwa kipande. Karatasi na nauli ziongeze 200. Duka likinunua kwa 1,300, zimebaki 300 kwa kipande, au 3,600 kwa mzigo mzima. Akina mama watatu wakigawana ni 1,200 kila mmoja kwa kazi ya nusu siku. Hiyo si biashara. Lakini wakitengeneza kwa kilo tano za mafuta, vipande 60, muda hauongezeki sana na kila mmoja anapata 6,000. Ndiyo sababu tunasema kilo moja ni ya kujifunzia.

Kuna gharama ambayo haionekani kwenye risiti. Kikundi kikitengeneza vipande 60 kila wiki, na kila mzigo ukikomaa wiki sita, basi shilingi 288,000 za malighafi zitalala kwenye rafu kabla ya kipande cha kwanza kuuzwa. Aliyekopa VICOBA kwa marejesho ya kila wiki atalazimika kuuza sabuni mbichi, na mteja aliyeungua ngozi harudi. Mkopo wa kazi hii uwe na miezi miwili ya kusubiri.

Kuhusu sheria, tangu mwaka 2019 vipodozi, pamoja na sabuni za kuogea, viko chini ya TBS na si TFDA ya zamani. Wajasiriamali wadogo huanzia SIDO, ambako hupata mafunzo na barua ya utambulisho kwenda TBS.

Kwa wafadhili wanaouliza waanzie wapi: mizani, miwani, glavu, kabati lenye kufuli, na fedha za kuvuka zile wiki sita. Kamati itakayotuletea maombi iambatanishe daftari la mizigo mitatu ya majaribio ya kilo moja, likionyesha tarehe, uzito wa kila kitu, kipimo cha pH baada ya wiki nne, na jina la anayeshika ufunguo wa kabati la soda.