Aliyechoma Ghala Aliandika Barua

Wajukuu zangu, hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina watu, na ina makaratasi.

Ukiifuata barabara hii ya hapa Mkuyuni kwenda kusini, ukapita Matombo mpaka Kisaki, unaelekea nchi iliyowaka Vita vya Maji Maji. Julai 1905, kule Nandete katika milima ya Umatumbi, watu waliochoka kulimishwa pamba ya Mjerumani waliing'oa. Mwisho wa Agosti boma la Mahenge likashambuliwa. Serikali ya Kijerumani ilijibu kwa bunduki, kisha kwa njaa: vijiji vikachomwa, nafaka ikatekwa au kuteketezwa, watu wakazuiwa kulima.

Mtaniuliza, babu, tunajuaje? Wazee walisimulia. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu kutoka Dar es Salaam walizunguka vijijini wakiandika kumbukumbu zao. Lakini yupo shahidi mwingine, naye ni mtendaji mwenyewe.

Afisa wa Kijerumani aliyekuwa porini alilazimika kumwandikia gavana, na gavana aiandikie Berlin. Aliomba risasi, alitaka sifa, akaeleza amefanya nini. Kapteni Wangenheim aliandika waziwazi kwamba njaa na dhiki ndizo zitakazowafanya watu wasalimu amri, mapigano peke yake hayatoshi. Gavana Götzen wala hakuyaficha maneno hayo. Aliyachapisha katika kitabu chake mwaka 1909. Hawakudhani kwamba siku moja mjukuu wa aliyechomewa ghala angeyasoma.

Ndiyo maana nayathamini sana makaratasi hayo. Adui akikushtaki, watu watasema ana chuki. Mtu akijiandikia mwenyewe, atakana nini? Waarmenia wanalijua hili. Mwaka 1915 dola ya Uturuki ya Osmani iliwaua na kuwafukuza makwao, na Ujerumani ilikuwa rafiki wa dola hiyo vitani. Hata hivyo mabalozi wadogo wa Kijerumani waliripoti Berlin waliyoyaona, na barua zao zipo mpaka leo.

Hata hivyo msiyaamini makaratasi kwa kila jambo. Serikali ya Kijerumani ilikadiria kwamba Waafrika 75,000 walikufa katika Maji Maji. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa, aliyewasikiliza wazee, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Mtoto aliyekufa njaa porini miezi kadhaa baadaye nani alimwandika? Hapo anayejua ni bibi yake.

Sehemu ya majalada ya Wajerumani iko kwetu, katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Na kazi yake haijaisha. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea akaomba msamaha mbele ya ukoo wa Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Ukoo huo unalitafuta fuvu lake, unaloamini lilipelekwa Ujerumani. Kama lilisafirishwa, kuna aliyelipokea, na huenda kuna mahali alipoliandika. Wanaotafuta sasa wanafungua daftari za makumbusho, ukurasa kwa ukurasa.