Picha za Mbuzi Anayezaa: Namna ya Kuandaa Slaidi za Kuikinga Familia ya Mfugaji

Katika nyumba ya mfugaji, kuzaa kwa mbuzi ni habari njema. Watoto huitana, mama huacha shughuli zake, na mara nyingi mtu aliye karibu hupiga magoti akampokea mwanambuzi kwa mikono mitupu. Hakuna anayedhani kuwa amefanya jambo la hatari. Hata hivyo, ikiwa mnyama huyo ana maambukizi, maji ya uzazi, damu na kondo la nyuma huweza kubeba vimelea vingi mno, na vimelea hivyo humfikia binadamu kwa njia ya ngozi iliyochubuka, macho, pua na mdomo.

Makala haya yanaeleza namna mhudumu wa afya, akishirikiana na ofisa mifugo pamoja na wafugaji wenyewe, anavyoweza kuandaa mfululizo wa picha unaoonyesha kuzaa kwa mbuzi tangu dalili za kwanza hadi maziwa yanapofika jikoni. Slaidi hizo zina kazi mbili: kumfundisha mfugaji kujikinga, na kumsaidia mgonjwa mwenye homa akumbuke jambo ambalo asingelitaja mbele ya daktari.

Picha iliyofundisha kinyume

Miaka kadhaa iliyopita, mwandishi wa makala haya alishiriki kuandaa slaidi za namna hiyo. Picha tuliyoipenda kuliko zote ilimwonyesha kijana amembeba mwanambuzi aliyelowa, jua la asubuhi likimpiga usoni, naye akitabasamu. Mikono yake ilikuwa mitupu. Tulipoionyesha kwa kundi la akina mama, mwezeshaji alieleza kwa mdomo umuhimu wa kuvaa glavu. Baada ya onyesho tuliwauliza wamejifunza nini. Mama mmoja, aliyekuwa mjamzito, akasema amefarijika kuona kwamba hata wataalamu humpokea mwanambuzi kwa mikono kama wafanyavyo nyumbani kwake.

Maneno ya mwezeshaji yalikuwa sahihi, lakini mama yule aliondoka na kile alichokiona. Picha ile tuliitoa siku hiyo hiyo. Tangu hapo tumeshika kanuni moja: kila mkono unaoonekana katika slaidi uwe unafanya kile tunachotaka mtazamaji akafanye nyumbani. Onyo la mdomo haliwezi kufuta mfano mbaya ulio mbele ya macho.

Tunajikinga na nini?

Magonjwa matatu yanatosha kueleza uzito wa somo hili. La kwanza ni ugonjwa wa kutupa mimba, ambao wataalamu huuita brusela. Binadamu huupata kwa kugusa majimaji ya uzazi au kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa. Humletea homa ya kupanda na kushuka, jasho la usiku, maumivu ya viungo na mgongo, na uchovu usiokwisha. La pili ni homa ya Q, ambayo kimelea chake hudumu muda mrefu katika mavumbi ya zizi na huvutwa pamoja na hewa. Baadhi ya wagonjwa hudhurika vali za moyo. Magonjwa haya mawili yakimpata mjamzito, mimba yake huweza kuharibika. La tatu ni Homa ya Bonde la Ufa, inayoenezwa na mbu na pia kwa kugusa damu na viungo vya mnyama mgonjwa. Virusi vyake vilitambuliwa mara ya kwanza karibu na Ziwa Naivasha, Kenya, katika miaka ya 1930 na 1931, kondoo walipotupa mimba na wanakondoo kufa kwa wingi. Mwaka 2006 na 2007 ugonjwa huo uliwaua watu Kenya, Somalia na Tanzania.

Mnyama anayeambukiza si lazima aonekane mgonjwa. Kisiwani Malta, daktari David Bruce alikigundua kimelea cha brusela mwaka 1887 katika miili ya askari waliokufa kwa homa. Ilichukua miaka 18, hadi mwaka 1905, ndipo Themistocles Zammit alipobaini kuwa chanzo ni mbuzi waliowapa watu maziwa kila siku. Walionekana wazima, kwa hiyo hawakuwa wametiliwa shaka.

Mpangilio wa picha

Picha kumi na tatu zinatosha kwa somo la nusu saa. Kila moja ibebe ujumbe mmoja.

1. Mbuzi mwenye mimba kubwa. Mimba ya mbuzi huchukua takriban siku 150, yaani karibu miezi mitano.

2. Dalili za kukaribia kuzaa: kiwele kimejaa, nyama za pembeni mwa mkia zimelegea, mbuzi anajitenga na kuparapara ardhi.

3. Vifaa vilivyoandaliwa: glavu, sabuni, maji safi, dawa ya iodini, nguo ya kazi na mabuti ya mpira.

4. Msaidizi amekwisha kuvaa vifaa hivyo, naye amesimama pembeni. Mbuzi walio wengi huzaa bila msaada, na mkono ulio salama zaidi ni ule ambao haukuhitajika.

5. Chupa ya maji ya uzazi inajitokeza.

6. Kwato mbili za mbele zinaonekana, na pua juu yake. Huu ndio mkao wa kawaida. Mbuzi akisukuma kwa nguvu kwa nusu saa bila mtoto kuonekana, au ukitokea mkao mwingine unaotia shaka, aitwe mtaalamu wa mifugo.

7. Mwanambuzi yuko chini na mama yake anamlamba.

8. Kitovu kinatiwa dawa ya iodini kwa mkono wenye glavu.

9. Mwanambuzi ananyonya dang'a. Maziwa haya ya kwanza humpa kinga, na anapaswa kuyapata mapema, katika saa za mwanzo za uhai wake. Familia inayotumia dang'a kama chakula ihakikishe imepikwa ikaiva.

10. Kondo la nyuma linatoka lenyewe. Lisivutwe. Likikaa zaidi ya nusu siku bila kutoka, aitwe mtaalamu wa mifugo.

11. Kondo linazikwa katika shimo refu, kwa glavu au kwa koleo. Mbwa akilifikia, huusambaza uchafu huo hadi mlangoni.

12. Msaidizi amevua glavu na ananawa kwa sabuni hadi viwikoni.

13. Maziwa yanachemka jikoni. Picha hii isiachwe, kwa maana inaunganisha zizi na kikombe cha mtoto.

Kuna hali moja inayostahili slaidi ya ziada, nayo ni mbuzi wengi kutupa mimba kwa kipindi kimoja, hasa baada ya mvua kubwa. Hapo ujumbe ni mmoja: asiguse mtu, na ofisa mifugo apewe taarifa siku hiyo hiyo. Kwa umma, picha ya zizi tupu yenye alama ya katazo inatosha. Picha za vijusi vilivyokufa zibaki kwa mafunzo ya wataalamu.

Kupiga picha bila kudhuru

Uzazi mmoja ni nadra kutoa picha zote. Mbuzi huzaa usiku, au mtoto hutoka wakati mpiga picha anafuta kioo cha simu. Ni vyema kukusanya picha kutoka kwa mbuzi kadhaa na kuwaeleza watazamaji waziwazi kwamba hawatazami mnyama mmoja.

Mpiga picha asimame mbali, asiwashe mwanga mkali, na asizunguke mbele ya macho ya mbuzi. Mnyama anayebughudhiwa huweza kuhamahama na kuchelewa kuzaa, au kumwacha mtoto wake. Likitokea tatizo, simu iwekwe kando na msaada utangulie.

Mpiga picha naye yumo hatarini. Asipige magoti penye majimaji, na mjamzito asipewe kazi hii. Simu pia ikumbukwe: mkono uliogusa kondo kisha ukashika simu huyapeleka majimaji hayo kwenye kioo, na baada ya dakika chache kioo hicho huwekwa shavuni, karibu na mdomo. Kwa hiyo mpiga picha asishike mnyama, na anayeshika mnyama asipige picha. Kazi ikiisha, simu ifutwe kwa dawa ya kuulia vijidudu.

Mwenye mifugo aombwe ridhaa kabla ya kazi kuanza, aelezwe picha zitaonyeshwa wapi, na awe huru kukataa. Nyuso za watoto wake zisionekane bila idhini ya wazazi. Ikiwa mbuzi wake ana ugonjwa, boma lake lisitambulike katika picha.

Maandishi na majaribio

Maandishi chini ya picha yasizidi maneno kumi, na yaeleze kitendo: "Vaa glavu kabla ya kugusa" ni bora kuliko "Umuhimu wa vifaa vya kujikinga". Yatumike maneno ya wafugaji wa mahali hapo. Ikiwa wao husema zalio badala ya kondo la nyuma, slaidi nayo iseme zalio.

Kabla ya somo kutumika, lijaribiwe kwa watu watano au sita. Waonyeshwe picha bila maandishi na kuulizwa maswali mawili tu: unaona nini, na ungefanya nini baada ya kuona hivi? Jibu likiwa kinyume na kusudio, kosa ni la picha, nayo ibadilishwe. Lau tungefanya hivyo mapema, picha ya kijana yule isingefika mbele ya mama mjamzito.

Somo lizingatie pia uwezo wa watu. Palipo na duka la pembejeo mbali, glavu hazipatikani kila siku. Mfuko safi wa plastiki usio na tundu, uliofungwa mkononi, ni afadhali kuliko mkono mtupu. Kutogusa kabisa ni afadhali kuliko vyote viwili. Kunawa kwa sabuni kunawezekana karibu kila nyumba.

Kutoka slaidi hadi chumba cha daktari

Utafiti uliofanyika katika hospitali mbili za Moshi, Tanzania, kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008, uliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Wagonjwa 528 walidhaniwa kuwa na malaria, lakini malaria ilithibitika kwa 14 tu. Miongoni mwa wagonjwa hao walikuwamo 16 wenye brusela na 24 wenye homa ya Q, magonjwa yatokayo kwa wanyama.

Sababu moja ya magonjwa haya kupita bila kutambuliwa ni namna tunavyouliza. Mgonjwa akiulizwa kama amegusana na majimaji ya mnyama, hujibu hapana bila kukusudia kudanganya. Kwake yeye lile lilikuwa tendo la kumsaidia mbuzi wake, na limekwisha kusahaulika. Brusela huweza kujitokeza wiki mbili hadi nne baada ya maambukizi, na wakati mwingine baada ya miezi kadhaa.

Hapa ndipo picha hizi zinapopata kazi yake ya pili. Mhudumu anaweza kuhifadhi tatu kati yake, ile ya mwanambuzi anayezaliwa, ya kondo na ya maziwa, akamwonyesha mgonjwa mwenye homa isiyoeleweka na kumuuliza: "Katika miezi michache iliyopita, kuna lolote kati ya haya ulilolifanya, au lililofanyika nyumbani kwako?" Jibu la ndiyo si uthibitisho wa ugonjwa, bali ni sababu ya kuagiza vipimo vinavyofaa na kuwasiliana na wenzetu wa mifugo.

Nawe ndugu mgonjwa, usingoje kuulizwa. Ikiwa una homa isiyokwisha au maumivu ya viungo baada ya mifugo yako kuzaa au kutupa mimba, mweleze mhudumu tangu mwanzo. Ikiwa u mjamzito, waachie wengine kazi ya kuzalisha mifugo, kuzika kondo na kufagia zizi, na umweleze mhudumu wa kliniki kwamba nyumbani kuna mbuzi. Ukigundulika kuwa na brusela, tiba huendelea kwa wiki kadhaa na kwa kawaida huwa ya dawa zaidi ya moja. Uikamilishe hata kama umepata nafuu mapema, kwa kuwa ugonjwa huu hurudi kwa aliyeikatiza.

Tuliporudi na slaidi mpya, picha ya mwanambuzi aliyebebwa ilikuwamo tena. Jua lilikuwa lile lile na furaha ile ile, ila safari hii mikono ilikuwa na glavu. Tulipouliza wamejifunza nini, swali la kwanza lililotujia lilikuwa glavu hizo huuzwa wapi.